Kuhamia Uingereza na Gari Lako: Hesabu, Karatasi na Usajili

Ajira ikishapatikana na viza ikishatoka, maswali hurudi nyumbani. Nyumba apewe nani, watoto wamalizie muhula wapi, na gari je? Wengi huuza wakaondoka na fedha mkononi. Wapo wasiotaka kuuza: gari bado zima, limetunzwa, historia yake inajulikana, na wameshasikia kwamba bima na usafiri ughaibuni havina mzaha. Makala haya ni ya hao. Yanamhusu mtu anayekwenda kufanya kazi Uingereza na anafikiria kuvuka na gari lake, liwe limesajiliwa Nairobi, Dar es Salaam, Dubai au Dublin.

Kila hatua ya safari hii huanzia kwenye swali moja: wewe unaishi wapi? Gari hufuata makazi ya mwenyewe. Uraia wako, pasipoti yako na nchi gari lilikotoka ni mambo yanayokuja baadaye.

Mgeni au mkazi?

Miongoni mwa watu wetu walioko Uingereza kuna maneno yanayopita kutoka mdomo hadi mdomo: "Una miezi sita ya kuendesha na namba za kwenu." Maneno hayo ni kweli kwa mtu mmoja tu, mgeni. Aliyekuja kutembea anaruhusiwa kutumia gari lenye namba za kigeni kwa muda usiozidi miezi 6 katika kipindi cha miezi 12, ilimradi usajili na kodi ya gari viko hai kule lilikotoka.

Aliyekuja kuishi hana fursa hiyo. Ukishakuwa mkazi, gari linatakiwa kusajiliwa na kulipiwa kodi ya barabara Uingereza. Makazi ya kawaida hupimwa kwa mahali unapoishi angalau siku 185 ndani ya miezi 12 kwa sababu ya kazi na mahusiano yako. Mwenye mkataba wa kazi wa miaka miwili, aliyepanga nyumba na kuandikisha watoto shule, hawezi kumwambia askari wa barabarani kwamba yeye ni mtalii. Na kosa hili huzaa jingine. Bima uliyoichukua kama mgeni inaweza kukukana siku ya ajali, na polisi wana mamlaka ya kulikamata gari lisilo na bima na kuliondoa barabarani hapo hapo.

Fanya hesabu kabla ya kutafuta meli

Ushuru wa forodha wa gari dogo linaloingia Uingereza ni asilimia 10 kwa kawaida, na VAT ni asilimia 20. VAT hutozwa juu ya jumla ya thamani ya gari, gharama za kulifikisha na ushuru wenyewe. Tuseme gari limethaminiwa pauni 5,000, na nauli ya meli pamoja na bima ya safari ni pauni 1,500. Msingi wa hesabu ni pauni 6,500. Ushuru unakuwa pauni 650. VAT inahesabiwa kwenye pauni 7,150, nayo inakuwa pauni 1,430. Umelipa kodi pauni 2,080, na bado hujamlipa wakala wa forodha, bandari, fundi wala ofisi ya usajili.

Usitegemee mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza kukupunguzia ushuru huo. Nafuu za mikataba ya namna hiyo hufuata nchi bidhaa ilikotengenezwa. Gari lililoundwa Japani linabaki la Kijapani hata kama limekula vumbi la Machakos miaka minane.

Angalia pia utakapoishi. London yote, kwa maana ya mitaa yote ya utawala wa jiji, imo ndani ya ukanda wa hewa safi uitwao ULEZ tangu tarehe 29 Agosti 2023. Gari lisilofikia kiwango cha moshi hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea humo. Kiwango cha petroli ni Euro 4, ambacho magari mengi yaliyosajiliwa tangu mwaka 2006 hukifikia. Cha dizeli ni Euro 6, kilichoanza kuwa cha kawaida mwaka 2015. Maana yake Prado au Hilux ya dizeli ya mwaka 2010, gari la heshima Arusha au Eldoret, litakutoza kila asubuhi unayokwenda kazini London. Birmingham na Bristol nako kuna kanda zenye tozo zake.

Kwa wanaotoka Ghuba, gari lenye usukani wa kushoto linaweza kusajiliwa Uingereza. Taa zake lazima zirekebishwe ili mwanga wa chini uelekee kushoto, usije ukawapofusha wanaokuja mbele. Kuuza gari la namna hiyo baadaye ni kazi nyingine.

Msamaha wa anayehamisha makazi

Hapa ndipo hesabu inaweza kugeuka kabisa. Mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, ina utaratibu wa kumsamehe ushuru na VAT mtu anayehamishia makazi yake nchini. Kifupi chake ni ToR. Masharti makuu ni haya:

- Uwe umeishi nje ya Uingereza angalau miezi 12 mfululizo.
- Gari uwe umelimiliki na kulitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama.
- Liingie kwa matumizi yaleyale uliyokuwa nayo, yaani gari la familia libaki gari la familia.
- Liingie ndani ya miezi 12 baada ya wewe kuhamia.
- Usiliuze, usiliazimishe wala kulikodisha kwa miezi 12 tangu liingie.

Maombi hufanywa kwenye mtandao wa serikali ya Uingereza, na jambo la kushika ni kwamba yanatakiwa kufanywa kabla gari halijatua. Utaombwa nakala ya pasipoti, ushahidi wa anwani ya zamani na mpya, orodha ya vitu unavyoleta, na kwa gari, uthibitisho wa umiliki na namba ya chasisi. Ukikubaliwa unapewa namba ya kumbukumbu ambayo wakala wako ataiweka kwenye fomu ya forodha. Anayepakia gari kwanza na kuomba baadaye hujikuta analipa kodi au gari linalala bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku.

Sharti la miezi 6 lina funzo lake pia. Gari ulilolinunua wiki tatu kabla ya safari, ukifikiri umepata bei nzuri, halitapata msamaha.

Karatasi za kukusanya ukiwa bado nyumbani

Mali bila daftari huisha bila habari, na gari linalovuka bahari ni mali ya kuandikiwa daftari nene. Ya kwanza ni cheti cha usajili: logbuku kwa Kenya, kadi ya gari kwa Tanzania. Ofisi ya usajili ya Uingereza, DVLA, hutaka cheti halisi cha kigeni kama ushahidi wa umri wa gari, na haikirudishi. Wakati huohuo, kulifuta gari kwenye daftari la nchi yako ili lisafirishwe moja kwa moja huweza kukudai usalimishe cheti hichohicho pamoja na vibao vya namba. Kabla hujakabidhi chochote kwa ofisi ya usajili wa magari, yaani NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, ulizia utaondoka na hati gani mkononi: barua ya kufutwa usajili inayotaja chasisi, injini, mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya usajili wa kwanza, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya cheti chenyewe. Gari likikosa ushahidi wa umri au utambulisho wake ukatiliwa shaka, linaweza kupewa namba inayoanza na herufi Q, namba inayomtangazia kila mnunuzi kwamba historia ya gari haijulikani.

Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, jina la benki huwa limo kwenye usajili pamoja na lako. Maliza deni au pata idhini ya maandishi, kisha jina la benki liondolewe.

Linganisha majina. Logbuku ina majina mawili, pasipoti ina matatu, mkataba wa nyumba una herufi ya mwanzo tu ya jina la baba. Kwetu hakuna anayeshangaa. Kwenye fomu za Uingereza tofauti hiyo husimamisha faili. Sahihisha cheti cha gari kifanane na pasipoti ukiwa bado karibu na ofisi iliyokitoa.

Kisha namba ya chasisi. Magari mengi ya Afrika Mashariki yaliingia yakiwa yametumika Japani, na gari lililoundwa kwa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, sehemu ya kwanza ikionyesha aina ya gari na ya pili namba yake. Kampuni za bima za Uingereza na fomu zao za mtandaoni huzoea namba ya tarakimu na herufi 17. Mtandao ukiikataa namba yako, usiongeze sifuri ili ijae. Piga simu kwenye kampuni, taja kwamba ni gari la soko la Japani, na namba iandikwe ilivyo kwenye bodi. Piga picha ya namba hiyo kwenye chuma na kwenye kibati chini ya boneti.

Weka pamoja na hizo: risiti ya kununulia, hati za forodha za gari lilipoingia nchini kwako, kumbukumbu za gereji, na barua ya kampuni yako ya bima ikieleza miaka uliyokaa bila kudai fidia. Si kampuni zote za Uingereza zitakazoikubali barua hiyo, ila inagharimu kidogo kuiomba.

Siku 14 za kwanza

Gari likishafika, unatakiwa kuijulisha HMRC ndani ya siku 14 kupitia mfumo uitwao NOVA. Mtu binafsi anaweza kufanya hivyo mwenyewe mtandaoni, au akajaza fomu ya karatasi. Ukichelewa unaweza kutozwa pauni 5 kwa kila siku. Mwenye msamaha wa ToR naye anatoa taarifa hiyo, kwa sababu msamaha haufuti wajibu. DVLA huangalia NOVA kabla ya kufungua faili lako, na isipoiona, fomu zako zitarudi.

Kipindi hiki gari lisitembee. Njia salama ni kulitoa bandarini kwa lori la kubebea magari na kuliweka kwenye uwanja wa nyumba yako au gereji, kwani barabara ya umma, hata pembeni mwa nyumba yako, haihesabiwi kuwa uwanja wako. Unaruhusiwa kuliendesha kwenda kwenye ukaguzi uliowekewa miadi, likiwa na bima iliyoandikwa kwa namba ya chasisi.

Idhini: gari linakubalika barabarani?

Uingereza hutaka uthibitisho kwamba gari limefikia viwango vyake vya usalama na mazingira. Gari la abiria lililotimiza zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe halihitaji idhini hii. Magari ya mizigo, pikapu zikiwemo, yana kikomo chake cha umri, kwa hiyo mwenye pikapu asijipimie kwa kanuni ya gari dogo. Kwa magari yetu mengi jambo hili ni nafuu. Kenya hupokea magari yasiyozidi miaka 8, na ukiongeza miaka michache ya kulitumia, gari limeshavuka kumi.

Lililo chini ya miaka 10 na halina idhini ya Ulaya hupimwa moja moja katika ukaguzi uitwao IVA, unaofanywa na wakala wa serikali DVSA. Magari yenye idhini ya Ulaya, kama lile la mtu anayehama kutoka Dublin au Rotterdam, kwa kawaida hupitia ofisi nyingine, VCA, ambayo hutazama zaidi hati na ushahidi wa marekebisho.

Vitu viwili huwaangusha wengi. Cha kwanza ni taa nyekundu ya ukungu ya nyuma. Magari ya soko la Japani mara nyingi hayana, na Uingereza huitaka iwe katikati au upande wa kulia. Cha pili ni spidomita. Barabara za Uingereza husomwa kwa maili, na spidomita inayoonyesha kilomita pekee haitoshi. Fundi hubadilisha uso wa saa au hufunga kifaa cha kugeuza vipimo. Taa za mbele za gari la Japani, Kenya au Tanzania hazina tatizo la upande, maana kote huko tunaendesha kushoto kama Waingereza.

MOT na bima

Gari lenye zaidi ya miaka 3 linahitaji cheti cha MOT, ukaguzi wa mwaka wa breki, matairi, taa, mikanda, kutu na moshi. Hufanyika kwenye gereji zilizoidhinishwa, na gari lisilo na namba za Uingereza hupimwa kwa namba ya chasisi. Kabla ya siku hiyo mpe fundi alitazame. Vichaka vya mpira vya miguu ya mbele na shokamzoba zilizochoshwa na mashimo ya kwetu ni sababu ya kawaida ya kuanguka.

Bima ichukuliwe mapema, na useme ukweli wote: gari limeingizwa kutoka nje, wewe una leseni ya kigeni, na unalitumia kwenda kazini. Neno moja lililofichwa kupunguza bei linaweza kufuta bima nzima.

Bahasha ya Swansea

Usajili wenyewe unafanywa kwa posta. Gari lililotumika hujaziwa fomu V55/5, na jipya V55/4. Fomu hizi haziprintiwi kutoka mtandaoni. Unaziagiza DVLA nao wanakutumia bila malipo. Jaza kwa wino mweusi ukinakili aina, rangi, ujazo wa injini na chasisi kutoka kwenye hati, wala usitegemee kumbukumbu. Bahasha inayokwenda DVLA, Swansea, iwe na:

- fomu iliyojazwa;
- ada ya usajili wa kwanza, pauni 55;
- malipo ya kodi ya barabara;
- cheti halisi cha usajili wa kigeni;
- cheti cha idhini, kama gari linakihitaji;
- cheti cha MOT, kama gari linakihitaji;
- nakala ya leseni ya Uingereza au, kama huna, nakala ya hati ya jina na hati ya anwani.

Hiyo ya mwisho huwatesa waliofika karibuni. Pasipoti inathibitisha jina, ila anwani hutaka bili ya maji au umeme, au taarifa ya benki ya miezi 3 iliyopita, au bili ya kodi ya halmashauri ya mwaka huo. Aliyepangiwa chumba na mwajiri, bili zote zikiwa kwa jina la mwajiri, afungue akaunti ya benki wiki ya kwanza na kuomba taarifa ya karatasi.

Piga nakala ya kila ukurasa na utume kwa posta inayofuatiliwa. DVLA inaweza kuomba kulikagua gari kabla ya kukujibu. Faili likipita, unapewa namba na cheti cha usajili cha Uingereza, V5C. Ukiwa na V5C na kitambulisho unakwenda kwenye duka lililosajiliwa kutengeneza vibao: cheupe mbele, cha njano nyuma. Kenya imezoea rangi hizohizo, lakini aina ya herufi na nafasi kati yake hufuata kanuni za Uingereza. Mjulishe bima namba mpya siku hiyohiyo.

Leseni nayo ina tarehe yake

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda hukuruhusu kuendesha magari madogo kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo unahitaji leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia na mtihani wa barabarani. Nchi hizi hazimo kwenye orodha ya zinazobadilishana leseni na Uingereza. Falme za Kiarabu zimo, kwa hiyo aliyefanya kazi Dubai na kufaulu mtihani wa huko aulize kubadilisha. Weka miadi ya mtihani mapema, maana foleni ni ndefu, na gari lililosajiliwa vizuri halina faida kama dereva wake amepitwa na tarehe.

Ukifikiria kurudi

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki nayo ina msamaha kwa mkazi anayerejea: gari moja, ulilolimiliki na kulitumia nje ya nchi wanachama angalau miezi 12, nawe uwe na miaka 18 au zaidi. Lakini Kenya bado itahesabu miaka 8 na kutaka usukani wa kulia. Gari la miaka 11 ulilolivusha kwenda Uingereza halitakuwa na njia rahisi ya kurudi nalo.

Basi uamuzi unakaa hivi. Kama una gari la petroli lenye usukani wa kulia, umelimiliki zaidi ya nusu mwaka, mkataba wako ni wa muda mrefu na unakwenda kuishi mji ambao basi ni la saa kwa saa, omba ToR leo, kabla ya kuzungumza na mtu wa meli. Kama ni dizeli la zamani linalokwenda London, au mkataba ni wa mwaka mmoja, liuze kwa anayelijua, na fedha hizo zikununulie jingine ukishafika, likiwa na V5C na MOT yake tayari.